Maswali na Majibu: Intaneti ya Uhakika Ndani ya Boti, Kuanzia Ziwa Nyasa Hadi Mtera

Maswali ya safari hii yametoka zaidi Kyela na kandokando ya Ziwa Nyasa, na moja limetoka Mtera. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Boti yetu inabeba abiria na mizigo kutoka Matema kushuka Lupingu. Ufukweni 4G ipo safi, tukishaupita mlima kidogo tu neti inapotea. Fundi anasema ninunue ruta kubwa ya bei mbaya. Ruta ndiyo tatizo? (Msomaji, Matema)

Usitoe hela kwanza. Upande wenu Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta hadi kwenye maji, na mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Mkipita karibu kabisa na mwamba mnakuwa kivulini: mnara unaweza kuwa juu ya kilima kilomita tano tu kutoka mlipo na msiuone. Hapo hakuna ruta itakayosaidia. Kama hali ya ziwa inaruhusu na nahodha ameridhia, kusogea kilomita mbili au tatu nje mara nyingi hurudisha neti, kwa sababu mnaanza kuona juu ya bega la mlima.

Jambo la pili ni kimo cha antena. Kuna hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita inazoweza "kuona" kabla maji hayajapinda. Simu iliyo mkononi, mita 1 juu ya maji, inaona kilomita 4 hivi. Antena ya mita 4 inaona 8, ya mita 9 inaona 12. Mnara nao una zake: wa mita 40 uliojengwa usawa wa ziwa unaona kilomita 26. Jumlisha hizo mbili. Sasa unaelewa kwa nini mnara uliojengwa mlimani, mita 400 juu ya maji, unaweza kushikwa mbali sana ziwani huku ule wa kijijini ukifia njiani.

Kabla ya kununua chochote, safiri mara moja na simu ya kawaida. Tafuta kwenye mipangilio, au kwa programu ndogo ya kupima mtandao, namba inayoitwa RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Iandike kila baada ya dakika kumi pamoja na jina la mahali. -80 ni nzuri sana, -100 inavumilika, -110 utahangaika, -120 umekatika. Rudia na laini ya kampuni nyingine. Karatasi hiyo itakueleza ni kampuni gani ishike laini ya kwanza na ipi iwe ya akiba, na ni wapi hakuna kitu kabisa hata ufanyeje.

Nimefunga antena ya desibeli 12 juu ya mlingoti, nikashusha waya mita 10 hadi kwenye ruta chumba cha nahodha. Neti imekuwa mbovu kuliko simu yangu mkononi! Nimeibiwa? (Fundi, Kyela)

Hujaibiwa, ila waya unakunyonya. Ule waya mwembamba mweusi wa antena, wa aina ya RG58, kwenye masafa ya megahezi 1800 unapoteza desibeli 7 au 8 kwa mita 10. Kwa lugha ya sokoni: ukipandisha debe tano, inafika moja hivi. Kwenye masafa ya 800 upotevu ni mdogo zaidi, lakini bado inakufikia theluthi moja tu. Waya mnene wa milimita 10, ule wa LMR-400, ungekuletea karibu theluthi mbili, ila ni mgumu kukunja na bei yake inauma.

Dawa ni kupandisha ruta yenyewe. Tafuta ruta ya nje, ile iliyojengwa pamoja na antena zake ndani ya boksi moja lisiloingia maji. Au weka ruta ya kawaida kwenye boksi la umeme la plastiki lililozibwa, na antena zikae nusu mita kutoka hapo. Kitakachoshuka chini ni waya wa mtandao wenye vichwa vya RJ45, ambao haupotezi data kwa mita 10, na umeme unapandishwa humo humo kwa adapta ya PoE. Angalia adapta inatoa volti ambazo ruta yako inazitaka. Na unaponunua waya huo, kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa tu. Urudishe dukani. Waya wa hivyo utapunguza volti njiani na utakatika mapema kwa mtikisiko.

Halafu hizo desibeli 12. Antena ya kuzunguka pande zote haitengenezi nguvu mpya, inaziminya zilizopo ziwe bapa kama chapati. Ya desibeli 12 ina chapati nyembamba, digrii 10 hivi au pungufu. Boti ikilala digrii 15 kushoto na 15 kulia, chapati yako inapiga maji, inapiga mawingu, inapiga maji. Ndiyo maana neti inakuja na kuondoka kila sekunde chache. Kwenye chombo kinachoyumba chukua desibeli 4 hadi 6. Antena za kuelekeza upande mmoja, zile za mifupa ya samaki, waachie wenye nyumba, au zitumie boti ikiwa imefungwa gatini.

4G inatumia antena mbili kwa pamoja. Ukifunga moja na kuacha tundu la pili wazi, kasi inashuka sana. Ukiweza, moja isimame wima na nyingine ilale.

Mwisho, viungo. Maji ya Nyasa hayana chumvi lakini unyevu unaingia vile vile. Kaza kiungo kwa mkono, zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uanzie chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike uliopita, kisha juu yake utepe wa kawaida wa umeme kwa ajili ya jua. Kabla waya haujaingia ndani ya chumba, uache unin'ginie kidogo kama bembea, maji yadondokee hapo. Bila bembea hiyo, mvua inafuata waya moja kwa moja hadi ndani ya ruta.

Tukiwa katikati ya ziwa simu inanikaribisha Malawi, na salio linaisha. Nifanyeje? (Msomaji, Mbamba Bay)

Simu inachagua mnara wenye nguvu, haijui mpaka. Zima "data nje ya nchi" kwenye simu na kwenye ruta pia, watu wengi husahau ruta. Hilo linaokoa salio lakini simu bado inaweza kuganda kwenye mtandao wa ng'ambo bila data. Kwa hiyo ingia kwenye uchaguzi wa mtandao, ondoa "otomatiki", chagua kampuni yako mwenyewe. Ukiona namba badala ya majina, zinazoanza na 640 ni za Tanzania, 650 ni za Malawi, 643 ni za Msumbiji. Ukirudi nchi kavu rudisha otomatiki.

Kamwene! Nina mtumbwi wa injini hapa Mtera, nanunua samaki. Nataka neti ya kupokea oda tu. Sina betri kubwa wala hela ya mlingoti. (Msomaji, Iringa)

Kamwene. Wewe huhitaji ruta. Chukua simu ya akiba ya 4G, washa mtandaopepe wake (hotspot), iweke kwenye kopo la plastiki jeupe lenye mfuniko wa kubana, uipandishe kwa kamba juu ya mti wa mita 3 au 4. Waifai itashuka hadi ulipokaa bila shida. Kopo la bati halifai, linafunga mawimbi. Jeusi nalo halifai kwa sababu jua la Mtera litaipika simu ijizime saa sita mchana. Hata jeupe lifunike na kitambaa chenye unyevu.

Pauabenki ya mAh 20,000 iwekwe humo humo. Kwenye boksi imeandikwa hesabu ya volti 3.7, yaani wati-saa 74, na ukitoa upotevu zinabaki 55 hadi 60. Simu inayogawa neti inakula wati 2 au 3, hivyo utapata saa 18 na zaidi. Zima sasisho za programu na uhifadhi wa picha mtandaoni kwenye simu zote zinazounganishwa, maana hapo ndipo bando linapofia. Video ya kawaida inaweza kula zaidi ya nusu GB kwa saa.

Ukija kukua na kuweka ruta ya wati 10 saa zote 24: hizo ni wati-saa 240, sawa na Ah 20 kwa betri ya volti 12. Betri ya maji usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nunua ya Ah 40 au zaidi, na paneli ya wati 100. Usiunge ruta moja kwa moja kwenye betri ya injini. Ikichajiwa inapanda hadi volti 14.4, ukipiga stata inaanguka hata chini ya 10, na ruta inajizima au inaungua. Weka kirekebisha volti kinachotoa 12 muda wote, na fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na betri.

Boti ya chuma, ruta iko juu, chini kwa abiria waifai haifiki. (Msomaji, Kyela)

Chuma kinazuia. Shusha waya wa mtandao hadi chini, ufunge kifaa cha pili cha waifai ndani ya sitaha ile. Kimoja kiwe chaneli ya 1, kingine ya 6 au 11.

Na dishi la setilaiti? Jamaa wa ng'ambo wanalo. (Wasomaji kadhaa)

Ni kweli Starlink ilianza huduma Malawi mwaka 2023. Lakini leseni ya huko ni ya huko. Kabla ya kuvusha kifaa, iulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kama kifaa hicho na huduma yake vimeruhusiwa huku. Tahadhari hiyo hiyo ni kwa zile "busta" za kuongeza nguvu ya simu: ikifungwa vibaya inavuruga mnara wa kijiji kizima. Kiufundi, dishi linataka anga wazi, na chini ya kuta za Livingstone nusu ya anga imezibwa. Dogo lao linakula wati 25 hadi 40, mara mbili na nusu hadi nne ya ruta ya laini. Kifurushi cha nyumbani pia hakikutengenezwa kwa chombo kinachotembea.

Mistari ya mtandao imejaa lakini hakuna kinachofunguka. Bando lipo. (Msomaji, Matema)

Mistari inaonyesha unavyousikia mnara, haionyeshi mnara unavyokusikia. Mnara unapiga kelele kwa makumi ya wati, simu yako inajibu kwa 0.2 tu. Ukiwa mbali, wewe unausikia, wenyewe haukusikii. Dalili yake ni ujumbe kupokelewa vizuri huku picha unayotuma ikizunguka bila kwisha. Panda juu, fupisha waya wa antena, na kama ruta inaruhusu, ifungie kwenye masafa ya 800, mradi kampuni yako inayatumia hapo.

Kama inatokea jioni tu karibu na vijiji, mnara umeelemewa na watu. Badili laini. Na kama ukizima na kuwasha ruta inapona, basi iliganda. Ruta nyingi za laini mbili zina sehemu ya kujipima: ielekeze ipigie 8.8.8.8 (anwani ya Google mtandaoni) kila dakika moja, ikikosa jibu mara tano ihamie laini ya pili, ikikosa huko nako ijiwashe upya. Usiweke chini ya mara tano. Njia ya Lupingu ina vivuli vya dakika tatu tatu, na ruta itashinda inajizima na kujiwasha safari nzima.