Madoa ya Maji Kwenye Kromu ya Pikipiki: Yayeyushe, Usiyasugue

Pikipiki ikioshwa kwa maji ya kisima saa saba mchana na kuachwa ijikaushe juani, jioni ekzosi na madigadi huwa zimejaa viduara vyeupe. Ukivipitishia kitambaa chenye maji vinapotea. Pakikauka tu, vimerudi palepale. Hapo ndipo wengi huchukua stili waya ya kusugulia masufuria, na kromu, ule utando wa chuma unaong'aa, huanza kuharibika siku hiyo.

Viduara hivyo si uchafu, ni jiwe. Maji ya visima vingi yana kalsiamu na magnesi iliyoyeyuka ndani yake. Tone likikauka, maji yanaondoka na madini yanabaki. Ni ukoko uleule unaoganda ndani ya birika la chai. Tazama doa moja kwa karibu: ukingo wake ni mnene na mweupe zaidi, katikati ni hafifu, kwa sababu tone linapokauka husukuma madini pembeni. Pitisha ukucha, utauhisi ukingo huo ukikwaruza. Kama maji yako hayatoi povu la sabuni kirahisi, tegemea madoa mengi.

Kabla hujagusa dawa yoyote, hakikisha unachokiona ni doa la maji. Vitone vya kahawia ni kutu inayochomoza kutoka chini. Rangi ya dhahabu au bluu kwenye bomba la ekzosi karibu na injini ni kazi ya joto, siki haitaiondoa hata ukilowanisha kutwa nzima.

Na ujue unashughulika na kitu chembamba kiasi gani. Kromu ya urembo kwa kawaida haifiki unene wa mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Chini yake kuna nikeli, kisha chuma. Stili waya huburuza mchanga uliobaki na kuchora mistari, halafu huacha vipande vidogo vya chuma ambavyo baada ya wiki vinaota kutu vyenyewe.

Kinachofanya kazi ni siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5. Subiri injini ipoe kabisa, nusu saa hadi saa nzima, uweke pikipiki kivulini. Osha kwanza kwa sabuni ya maji ili mchanga utoke; sabuni ya unga iache, chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Changanya kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji. Lowanisha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya madoa kwa dakika 2 hadi 3, na usikiache kikauke. Kwenye doa nene utaona vipovu vidogo sana vikipanda: hiyo ni siki inakula chokaa. Futa taratibu bila kukandamiza. Doa la zamani likigoma, tumia siki bila kuichanganya na maji, kwa dakika hizohizo 2 au 3, rudia mara mbili au tatu. Afadhali kurudia kuliko kuacha siki ikae muda mrefu.

Kisha suuza kwa maji mengi. Changanya kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea katika lita 1 ya maji, pitisha juu ya sehemu uliyotia siki, suuza tena. Watu huruka hatua hii, na tindikali iliyojificha kwenye maungio ya spoku na rimu inaendelea kula chuma kimyakimya.

Ndimu nayo inafaa, ila ichuje kwa kitambaa na uisuuze vizuri, maana sukari yake inanata vumbi. Siki isifike kwenye mnyororo, diski ya breki wala aluminiamu isiyopakwa rangi, aluminiamu inafubaa. Vioo vya pembeni na fremu za taa mara nyingi ni plastiki iliyopakwa mng'ao. Hapo tumia siki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, na polishi ya chuma usiiguse kabisa.

Dawa ya kusafishia choo ni marufuku. Nyingi zina asidi ya hidrokloriki, ambayo huyeyusha kromu yenyewe. Doa litaondoka kweli, na mng'ao utaondoka nalo. Jiki nayo inaila kromu, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usiziweke hata kwenye ndoo moja.

Doa lisilotoka kwa siki huenda ni silika, madini yaleyale ya mchanga, ambayo siki haiyeyushi. Hapo tumia polishi ya kromu, kiasi cha punje ya haragwe kwa eneo la kiganja, kwa kitambaa laini. Ikiwa bado kiduara kinaonekana na ukucha unateleza bila kukwama, kromu imeshaliwa, na kusugua zaidi kutaimaliza.

Lakini kazi kubwa iko kwenye kukausha. Osha asubuhi mapema au jioni. Suuza mara ya mwisho kwa lita 1 au 2 za maji ya mvua, kwa kuwa karibu hayana madini. Tumia vitambaa viwili vya mikrofaiba: cha kwanza kinyonye maji, cha pili kimalizie. Maji hujificha kwenye boliti, chini ya klampu za ekzosi na kwenye mizizi ya spoku. Ukipita kwa fundi wa pancha mwombe apulize upepo wa kompresa hapo. Kisha paka nta ya magari kwa utando mwembamba mara moja kwa mwezi, isipokuwa kwenye ekzosi, maana joto litaiunguza.

Msimu wa kiangazi, usipokuwa na maji ya mvua, nunua maji ya betri, yale ya kuongezea yasiyo na madini. Soma chupa kwanza: madukani hukaa rafu moja na asidi ya betri, na watu huziita zote kwa jina lilelile.