Bizari isigande: kuhifadhi vitu vya unga Mombasa

Masika yakikolea, chumvi iliyoachwa wazi jikoni inalowa yenyewe bila mtu kuitia maji. Chumvi huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na asubuhi zetu nyingi hupita hapo. Sukari hustahimili zaidi kidogo. Kitunguu thomu cha unga ndicho hakina subira kabisa: kinageuka jiwe.

Wengi hulaumu chupa. Mimi nalaumu mvuke wa sufuria. Unashika kopo la bizari, unalitikisa juu ya mchuzi unaochemka, mvuke unaingia moja kwa moja mdomoni mwa kopo, halafu unafunika. Unyevu umeufungia ndani mwenyewe. Chota pembeni kwa kijiko kikavu, weka kwenye kisahani, ndipo utie. Na ile rafu iliyo juu ya jiko, inayopendeza sana kwa picha, iwekee sahani.

Dawa kubwa nyumbani kwangu ni kununua bizari nzima. Marikiti utapata bizari nyembamba, giligilani, hiliki na mdalasini za kupimiwa kidogo kidogo. Zikaange kavu kwa moto mdogo mpaka zinukie, kisha saga za wiki mbili tatu tu. Hapa ndipo watu wanapoharibu: unga ukitoka mashineni una moto. Ukiutia chupani vivyo hivyo, utaona umande mwembamba kwenye kioo kwa ndani, na umande huo utarudi kwenye unga. Umwage kwenye sinia, utandaze, ufunike kwa kitambaa chepesi. Ukitia kidole katikati usisikie joto, jaza. Chupa nayo iwe imeanikwa juani baada ya kuoshwa, kifuniko kikiwa kando. Maji hupenda kujificha kwenye mifereji ya ndani ya kifuniko.

Friji sina ugomvi nayo, ila ukitoa chupa usiifungue ikiwa baridi. Hewa yetu ya joto ikigusa unga baridi inaacha maji papo hapo. Iache mezani imefungwa mpaka ubaridi uishe, au toa ya kutumia tu uweke kwenye chupa ndogo.

Mchele ndani ya kidau cha chumvi unasaidia kiasi, hasa ukiukausha kwanza kwenye kikaango bila mafuta, ukabadilishwa kila ukilainika. Kwenye bizari siutii. Nani anataka kuokota punje za mchele kwenye mchuzi? Za dukani hukaa laini kwa sababu nyingi zimetiwa kizuia kuganda, mathalan silikoni dayoksaidi, ile inayoandikwa E551 kwenye karatasi ya kopo.

Iliyokwisha kuganda haijaharibika lazima. Chumvi ivunje kwa uma, bizari ipitishe kwenye chekecheke, thomu litie bonge zima kwenye supu. Lakini ukikuta harufu ya uvundo au madoa ya ukungu, tupa yote, hata kama ni pilipili ya bei. Sumu za baadhi ya ukungu haziondoki kwa kupikwa.

Beking pauda ndiyo isiyotambulika kwa macho kwamba imeharibika, kwani unyevu huimaliza nguvu taratibu. Tia kijiko cha chai kwenye maji ya moto nusu kikombe. Isipotoa povu la haraka, nunua nyingine kabla hujavunja mayai.