Ukialika watu usimalize kupika kabla hawajafika: jiaozi za nguru nilizojifunza Dalian

Nilisoma Dalian, mji wa bandari kaskazini mwa China, na kitu nilichokuja nacho nyumbani ambacho nakitumia mpaka leo ni namna wenzetu wanavyoalika watu. Watu wengi wakisikia chakula cha Kichina wanawaza wali wa kukaanga na kuku wa soya sosi, sawa, ni vitamu, lakini mimi naomba ujaribu jiaozi, zile za ganda la ngano zinazojazwa samaki au nyama ndani, zikakunjwa na kuchemshwa, maana hizo zinabadilisha shughuli nzima.

Kwetu ukialika wageni unaamka alfajiri, unapika mpaka mgongo unauma, wageni wanafika wanakaa sebuleni na wewe uko jikoni, wanakula wanashukuru wanaondoka na hujapiga hata stori moja. Sasa mwaka wangu wa kwanza kule, siku ile ya Desemba ambayo usiku ndio mrefu kuliko zote (tarehe 21 au 22), mama mmoja jirani tuliyekuwa tunamwita Ayi, yaani kama kusema mama mdogo, alituita wanafunzi kwake tule jiaozi, kwa sababu watu wa kaskazini wanasema usipokula siku hiyo masikio yatakatika kwa baridi. Tukafika na njaa zetu, mezani hakuna chakula! Kuna donge la unga, bakuli la samaki aliyepondwa, na sinia limenyunyiziwa unga. Tukanawa mikono tukakaa, tukakunja pamoja kama saa nzima na nusu, na mimi ambaye Kichina changu kilikuwa cha salamu tu nikajikuta nacheka na watu ambao sikuwajua kabla.

Nilichopenda zaidi ni kwamba samaki wenyewe walikuwa jamaa wa nguru. Pwani ya Dalian na Qingdao wanampenda sana, wanamwita bayu, ni ukoo mmoja kabisa na nguru wetu wa Feri, lile soko la samaki la Dar es Salaam. Kwa hiyo hii sio ya kutafuta vitu vya ajabu supamaketi.

Naanza na ganda, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unga wa ngano wa kawaida nusu kilo, maji ya BARIDI robo lita, chumvi kidogo, basi. Hakuna mafuta wala maji ya moto. Mara ya kwanza kupika nyumbani nilikanda kama chapati, mafuta na maji ya uvuguvugu, kingo zikagoma kushikana na zote zikapasukia sufuriani, wageni wakala uji wa samaki. Niliumia sana. Kanda mpaka liwe gumu kiasi, funika nusu saa, litalainika lenyewe. Nusu kilo inatoa kama jiaozi 60, mtu mzima anakula 12 mpaka 15, piga hesabu kulingana na watu wako.

Nguru nusu kilo, mpasue ubavu halafu kwangua nyama kwa kijiko kutoka kwenye ngozi, miiba inabaki kule, ule mstari mwekundu utoe maana una shombo. Twanga tangawizi, loweka kwenye kikombe kidogo cha maji, chuja, halafu maji hayo unamimina kidogo kidogo kwenye samaki huku unakoroga upande mmoja tu, usigeuze, mpaka uone imekuwa nzito inang'ang'ania mwiko. Weka chumvi, ute wa yai moja, mafuta vijiko viwili na majani ya vitunguu mengi. Wao huwa wanaongeza mafuta ya nguruwe, mimi sili na wala sijaona pengo.

Wageni wakifika ndio unakata madonge madogo. Kusukuma kuna siri na niliiangalia mikono ya Ayi mpaka nikaielewa: mkono wa kushoto unazungusha kiduara, wa kulia unasukuma kisukumio kutoka ukingoni hadi katikati tu na kurudi, kwa hiyo kingo zinakuwa nyembamba na katikati panabaki pazito pa kubeba samaki. Anayejua chapati mpe kazi hii. Wengine wakunje, na mikunjo isiyo mizuri haina shida ili mradi pamefungwa vizuri. Watoto wape wafiche karanga kwenye jiaozi moja, kule huwa wanaficha hata sarafu na atakayeipata ndio mwenye bahati, ila kwa meno ya watoto mimi nabaki na karanga.

Maji yachemke kwelikweli, zitumbukize, sukuma taratibu kwa mgongo wa upawa zisigande chini. Yakichemka tena ongeza maji baridi nusu kikombe, za samaki rudia mara mbili, za nyama ya kusaga mara tatu. Wanasema sufuria iliyofunikwa inaivisha cha ndani, iliyo wazi inaivisha ganda, kwa hiyo anza umefunika, malizia wazi.

Pembeni weka siki, soya sosi, kitunguu saumu kilichotwangwa na pilipili. Ufuta ukaange mpaka unukie, usage kidogo uweke juu, jamani hapo ndio utaielewa Dalian. Na yale maji ya kuchemshia usimwage, wanayanywa kwenye vikombe baada ya kula kama supu nyepesi, nami nimeyazoea hivyo hivyo. Chai ya kijani ukipenda, kikombe usikijaze mpaka juu, na mdomo wa birika usimwelekee mgeni, wakubwa wao wanalizingatia hilo.

Kama mmekunja nyingi, zipange kwenye sinia zisigusane, ziingie friza zigande kwanza ndio uzitie mfukoni, siku ya kupika hakuna kuyeyusha, zinaingia kwenye maji yanayochemka hivyo hivyo. Zile zilizoiva zikabaki, asubuhi zikaange kwenye mafuta kidogo mpaka chini pawe pa kahawia, kunywa na chai ya rangi. Kwangu hata zibaki 20, saa mbili haionekani hata moja.