Usumaku wa vipande vya grafini: ni ukubwa au ni ukingo?

SWALI: Ninafundisha kemia sekondari hapa Ruangwa, mkoani Lindi. Unga wa kinywe ninaowaonyesha wanafunzi hauvutwi na sumaku, lakini nimesoma kwamba molekuli za grafini, yaani vipande vya tabaka moja tu la kinywe, zinaweza kuwa na usumaku. Kinachoamua ni ukubwa wake au umbo la kingo?

JIBU: Mwalimu, umbo ndilo hutangulia. Unga wako hauvutwi kwa sababu takriban kila elektroni iliyomo ina mwenza aliyegeukia upande wa pili, na usumaku wao hufutana.

Chora pembesita sita zilizoshikana kwa safu, moja, mbili, kisha tatu, upate pembetatu. Kila kona ni atomu ya kaboni. Weka juu yake korosho au mbaazi, ukihakikisha kwamba korosho haipakani na korosho wala mbaazi na mbaazi. Kona ni 22, ila utakuta 12 za aina moja na 10 za nyingine, na meno yote yanayochomoza kwenye pande tatu ni ya ile aina iliyo nyingi. Kwa kuwa elektroni hupata wenza kutoka aina ya pili, mbili hubaki pweke, nazo huelekea upande mmoja. Kanuni hiyo mwanafizikia Elliott Lieb aliithibitisha kihisabati mwaka 1989. Molekuli yenyewe, trianguleni, mkemia Erich Clar aliitafuta tangu 1953 bila kuipata, hadi watafiti wa IBM huko Zurich walipoiunda mwaka 2017 kwa ncha ya hadubini, aina ile inayopapasa atomu kwa sindano.

Ukingo wa namna hiyo, wa meno ya msumeno, huitwa zigizagi. Ule wa pili, uitwao wa kiti cha mikono, hupanga korosho na mbaazi kwa jozi, hivyo hauachi elektroni pweke.

Ukubwa nao una kazi yake. Kila safu unayoiongeza kwenye pembetatu huacha elektroni moja zaidi. Katika umbo la msambamba wenye pande sawa, hesabu ya korosho na mbaazi hulingana daima, hata hivyo ukubwa hubadili mambo: wenye pembesita 4 kila upande hauna usumaku, ilhali wenye 5, wa kaboni 70, elektroni zake mbili huachana, kila moja ikashika kingo zake na kumgeukia mwenzake kinyume; hivyo usumaku upo kwenye kila kingo, ingawa kwa jumla hufutana. Kipande kikikua, faida ya elektroni hizo kuungana kuwa jozi hupungua, na msukumano wa elektroni hushinda.

Usitarajie kuzipata molekuli hizi kwenye chupa ya maabara, kwani elektroni pweke huishambulia oksijeni upesi; hutengenezwa ndani ya ombwe, juu ya uso safi wa metali.