Beji iliyo kwenye sanduku la babu: barua kwa mwanangu Aika

Majengo, Moshi

Mwanangu mpendwa Aika,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima. Mlima umejifunika tangu asubuhi, mvua inanukia, na shangazi yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema siku ile ya msiba wa mjomba ulifungua sanduku la zana la babu ukitafuta bisibisi, ukakuta beji nzito ya chuma yenye herufi mbili za A zilizopachikana, mabawa pembeni, na rangi ya njano iliyobanduka. Ukaipiga picha ukanitumia na swali: "Mama, babu alikuwa mwanachama wa chama cha wenye magari? Na chama chenyewe kilikuwa cha nini hasa?" Halafu ukaniomba uipachike kwenye gari lako jipya.

Nilitaka kukujibu kwa simu, nikaona hapana. Nimefundisha historia miaka 30, na hili ni jambo la babu yako. Linastahili karatasi.

Babu hakuwa mwanachama. Chama cha wenye magari ni cha mwenye gari, na babu yako kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtu wa kulala chini ya magari ya wenzake. Ile pikapu ya Peugeot 404 uliyokuwa ukipanda nyuma utotoni aliinunua uzeeni, nayo ikiwa imechoka kuliko yeye.

Beji yenyewe ni ya chama cha Waingereza, AA, kilichoanzishwa London tarehe 29 Juni 1905. Klabu za magari zilikuwepo kabla yake. Ufaransa walikuwa na yao tangu 1895, Waingereza wenyewe walikuwa na klabu nyingine tangu 1897, na Wamarekani wakaunda shirikisho lao Chicago mwaka 1902. Ila nyingi katika hizo zilikuwa za matajiri kukutana, kula na kushindana. Hiki cha 1905 kilizaliwa kwa sababu ya trafiki.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1903 iliweka mwendo usiozidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Askari wakawa wanajificha kwenye vichaka kando ya barabara na saa mkononi, wanapima gari limetumia sekunde ngapi kutoka alama hii hadi ile. Ukizidisha, faini. Wenye magari wakachanga fedha, wakaajiri vijana wa baiskeli wapite barabarani na kuwaonya madereva: mbele kuna mtego.

Wewe umepita Kikatiti na Usa River mara ngapi ukaona dereva wa Noah anayetoka upande wa pili anakuwashia taa, au anakuzungushia mkono dirishani kwamba mbele kuna tochi? Ndicho walichokuwa wakifanya vijana wale, tofauti ni kwamba wao walilipwa mshahara na kuvalishwa sare.

Mambo yakafika mahakamani, ikaamuliwa kwamba anayemwonya dereva aliyezidisha mwendo anamzuia polisi kufanya kazi yake. Chama kikatafuta njia nyingine, na hapo ndipo beji inapoingia. Kijana wa doria akiona gari lenye beji anampigia dereva saluti. Asipopiga saluti, dereva ajue kuna jambo, asimame aulize. Hakuna mahakama inayoweza kumfunga mtu kwa kutosalimu! Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, hadi barabara zikajaa magari kiasi kwamba saluti ikawa hatari kwa anayeipiga na anayeipokea.

Tazama tena ile picha, chini ya mabawa. Kuna namba imegongwa kwenye chuma. Hiyo ni namba ya mwanachama. Na beji haikuwa mali yake. Ilibaki kuwa mali ya chama, na mtu akiacha kulipa ada alitakiwa kuirudisha. Nitakueleza baadaye kwa nini jambo hili linanigusa.

Lakini kama chama kile kingebaki kuwa cha kukwepa faini, nisingekaa kukuandikia. Kilichobadilisha kila kitu ni kwamba vijana wale, kwa kukaa barabarani kutwa, waliona shida yenyewe. Waliona watu waliopasukiwa tairi, waliopotea njia, waliosimama kwenye kona kali pasipo alama yoyote. Kuanzia 1906 chama kikaanza kusimika vibao vya hatari na vya kuonyesha njia, wakati serikali bado haijaiona kazi hiyo kuwa yake. Mwaka 1912 vikaanza vibanda vya simu kando ya barabara. Mwanachama alipewa ufunguo. Gari likikufia usiku unafungua kibanda, unapiga simu, unangoja msaada. Nafikiria mtu wa mwaka 1912, gizani, mvua inanyesha, ana ufunguo mfukoni na anajua upande wa pili wa waya kuna mtu atakayeitika. Kwangu mimi hapo ndipo chama kilipozaliwa kweli, hiyo 1905 ilikuwa mimba.

Huku kwetu gari bila msaada lilikuwa chuma tu. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lake Agosti 1907 ili avuke Afrika hadi pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund Mei 1909. Karibu miaka miwili, mwanangu, na hapo alikuwa ametanguliziwa mafuta njiani.

Mwaka 1919 wenye magari wa Afrika Mashariki wakaunda chama chao Nairobi, nacho kikaja kubeba jina la kifalme la Uingereza. Wenye magari walikuwa akina nani wakati ule, unaweza kukisia: walowezi, maofisa wa serikali, wafanyabiashara wa Kihindi na Waafrika wachache sana. Chuma kilikuwa chao, lakini aliyekijua kwa ndani mara nyingi alikuwa mtu kama babu yako, aliyeanza utingo akiwa kijana, akajifunza ufundi kwa kumshikia mwingine spana. Hili huwa halipewi nafasi historia ya magari inaposimuliwa, na mimi siku zote darasani nilianzia hapo.

Kilichomfanya babu akipende chama kile cha Nairobi ni mashindano. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, na utaratibu wake ulikuwa mzuri: magari ya kawaida kama yanavyouzwa dukani, yamepangwa makundi kwa bei. Baadaye yakahamia Pasaka, masika yenyewe, tope lisilo na mwisho. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Babu alizitaja namba hizo kama mtu anayetaja aya za Zaburi. Na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliposhinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, babu alisema siku moja atakuwa na gari hilo. Alingoja, akalipata.

Sasa beji.

Ilikuwa masika ya 1972. Mimi nilikuwa na miaka 8. Mama yangu, bibi yako, alikuwa amekwenda msibani Kibosho, tumebaki wawili. Usiku dereva wa lori akagonga mlango: kuna mzungu wa shamba la kahawa amekwama ng'ambo ya daraja la Kikafu, mafuta yanavuja. Babu hakuweza kuniacha peke yangu. Akanivisha koti lake, akabeba sanduku, hilohilo ulilofungua, tukapanda lori.

Tulipofika hakuligusa gari kwanza. Alikata matawi, akayalaza barabarani mbele na nyuma, hatua 30 kila upande, ili lori linaloteremka bonde lile lisitupitie. Halafu akanipa tochi. Gari lilikuwa Morris Minor. Jiwe limerushwa na tairi likapasua tenki, ufa mwembamba kama unywele, petroli inadondoka tone kwa tone. Babu akalala chali kwenye tope, akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya kufulia, akakilainisha kwa maji ya mvua, akawa anakisugua kwenye ufa polepole, anakandamiza kwa kidole gumba, anafuta, anarudia. Petroli haiyeyushi sabuni, ndiyo siri yake. Mkono wangu ulitetemeka kwa baridi, mwanga ukawa unacheza. Akasema kwa upole tu, "Shika sawasawa, mama." Nikashika kwa mikono miwili. Tone likachelewa. Likachelewa zaidi. Halafu hakuna.

Yule bwana alimlipa, na babu akapokea, maana ilikuwa kazi. Tukarudi na lori jingine alfajiri, mimi nimelala mapajani pake nanuka petroli.

Mwaka uliofuata, 1973, mashamba ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa na yule bwana akawa anaondoka. Alikuja gereji kuaga. Akaomba spana ya babu, akainama mwenyewe, akaifungua beji kwenye grili ya gari na kumwekea babu mkononi. "Hii ni yako," akasema kwa Kiswahili. Basi. Babu aliifunga kwenye kitambaa cha kufutia mikono, na huko ndiko ulikoikuta. Kwa kanuni ya chama ilipaswa kurudi London. Imekaa Majengo zaidi ya miaka 50, na sidhani kama yupo mwanachama aliyeistahili zaidi.

Chama cha Nairobi nacho kilipita misukosuko. Baada ya uhuru neno la kifalme liliondoka, kikawa cha Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na kila nchi ikabaki na chama chake. Sitaki kuirefusha habari ya miaka ile, ila ujue mtu wa Moshi aliizoea Nairobi kwa spea kama anavyoizoea Arusha, na ghafla njia ya Namanga na ya Holili zikanyamaza hadi 1983. Babu alikata gasketi kwa mkasi wa cherehani wa bibi yako. Alichonga alichoweza kuchonga. Magari yaliyokuwa yakikwama usiku yaliendelea kukwama, na watu waliendelea kugonga mlango wetu.

Leo sisi tuna AAT, chama chetu cha Tanzania, mwanachama wa FIA, lile shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1904. Mbio za magari nchini ziko chini yake, na leseni ya kimataifa ya udereva unayoisikia watu wakiihitaji ng'ambo imekuwa ikitolewa huko. Hata kile kitabu cha forodha kinachomwezesha mtu kuvuka nchi baada ya nchi na gari lake bila kulilipia ushuru kila mpakani ni kazi ya vyama hivi. Nayaheshimu haya. Ila nikikuambia ukweli wa moyo wangu, ningetamani tungekuwa pia na ule ufunguo wa kibanda cha simu, kwa kila dereva, awe na Vitz au fuso. Simu sasa tunazo mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuitika, mwenye zana, aliyelipwa na sisi wote. Wewe unafanya kazi na watu wa bima. Waulize, tafadhali, na uniambie walivyojibu.

Kuhusu kuipachika: ichukue, nakupa. Umeniuliza vizuri na umeuliza kwanza. Lakini usiipachike mbele, huko itaibiwa hapo Ubungo kabla ya wiki kuisha. Iweke ndani, kwenye droo ya mbele, na kitambaa chake.

Ukija Krismasi usitoke Dar usiku. Barabara ile Desemba inajaa, kila mtu anakimbilia nyumbani, na mabasi hayana huruma. Weka kwenye buti reflekta mbili, jeki ambayo umeijaribu mwenyewe, spea tairi yenye upepo, na tochi yenye betri mpya. Ukimkuta mtu amelaza matawi barabarani, punguza mwendo, na kama ni mchana na kuna watu, simama umuulize. Ukifika Mombo nipigie. Ukifika Same nipigie tena, ndipo nitaweka ndizi jikoni.

Mama yako