Kalamu ya bei mbaya, karatasi ya rimu

Mwalimu, nitajie kalamu moja tu ya kuchorea iliyo bora kuliko zote. (Sakina, Arusha)

Swali hili haliishi, na halijawahi kuja na maelezo ya unachora nini wala kwenye karatasi gani. Sakura Pigma Micron, Staedtler pigment liner, Uni Pin: zote zinafaa. Chukua ile utakayoipata tena ikiisha, kisha uniulize kuhusu karatasi.

Nilichora Mawenzi, nikapaka rangi ya maji juu yake, mlima wote ukawa tope. Nimeuziwa feki? (Majengo, Moshi)

Si lazima. Kalamu nyingi za steshenari zina wino wa rangi iliyoyeyushwa. Brashi yenye maji ikipita, unayeyuka tena. Wino wa pigimenti ni chembe zinazong'ang'ania karatasi, na ukishakauka maji hayauondoi. Pima mwenyewe dukani: piga mstari, subiri ukauke, pitisha kidole chenye maji. Muuzaji akinuna, mwache anune, hela ni yako.

Ila hukusema ulichorea nini, nami nahisi ni karatasi ya fotokopi. Ile ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Wino hutawanya kando ya mstari na kutokea nyuma, na ukiweka maji karatasi inajikunja. Kwa wino mtupu tafuta karatasi laini ya gramu 120 hadi 160. Ukitaka kupaka maji, anzia 200. Kwenye 300 ndipo utapumua. Watu wanajinyima chai wanunue kalamu ya Japani, halafu wanachorea rimu ya ofisini!

Namba 005 kwenye kalamu ni mstari wa milimita 0.05? (Njiro)

Hapana. Kwenye Micron, 005 ni milimita 0.20, 01 ni 0.25, na 05 ni 0.45. Nunua 01 na 05, seti nzima ya nini?

Ncha imezama ndani, na kalamu bado mpya. (Kijenge)

Unakandamiza. Hiyo si biki. Ni kijiti cha plastiki ndani ya kibomba cha chuma, uzito wa mkono unatosha. Na usipitishe wino juu ya penseli laini ya 6B, unga wake wa grafiti unaziba ncha. Chora kwa HB, kidogo kidogo, uifute hiyo penseli wino ukishakauka kabisa.

Naweza kutia wino wa India kwenye kalamu ya kujaza? (Moshi)

Usithubutu. Wino huo mara nyingi una shelaki, utomvu unaokauka ukawa mgumu; ikigandia ndani, kalamu imekwisha. Huo ni wa kalamu ya kuchovya.

Kaunta buku inafaa kwa mazoezi ya sokoni? (Arusha)

Kwa mazoezi ya haraka inafaa, ukichora upande mmoja tu na kuivumilia mistari yake. Ukipata hela, nunua daftari la A5 lenye jalada gumu linalofunguka likalala, maana soko la Kilombero halina meza ya kukusubiri. Nunua nyanya za mama kwanza, kisha omba ruhusa ukae pembeni yake uchore. Simba wa kunakili kwenye simu tunao wa kutosha.