Jibu: Mfalme Tribhuvan wa Nepal alikuwa na madaraka gani?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu anaitwa mfalme afu waziri mkuu ndo anaamua kila kitu. Nepal ilikuwa hivyo tangu 1846, ukoo wa Rana ulishika uwaziri mkuu wakawa wanarithishana wenyewe kwa wenyewe, mfalme anabaki wa kuonyeshwa tu kwenye sherehe. Tribhuvan alirithi ufalme 1911 ana miaka 5, akakua ndani ya ikulu kama mfungwa, na heshima yote ile ya mfalme wa Kihindu haikumpa sauti serikalini.

Ila huyu jamaa alikuwa na moyo! Novemba 1950 akatoka ikulu na familia yake akakimbilia ubalozi wa India palepale Kathmandu, wakamwacha mjukuu, Gyanendra, mtoto wa miaka 3, basi Waziri Mkuu Mohan Shumsher akamvisha taji yule mtoto kesho yake tu. Inaniuma sana hiyo, mtoto mdogo vile kutumiwa kwenye siasa. India ikakataa kumtambua yule mtoto kama mfalme, Tribhuvan akapelekwa Delhi kwa ndege, akarudi Februari 1951 na utawala wa Rana ukaisha. Alifariki Zurich 1955, mwanae Mahendra akarithi.